Gari Tulilolikataa Jumapili Ile

Gereji, Jumatano asubuhi

Mdogo wangu mpendwa, Mshika Taa wangu,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, umeshiba, na hujakonda kwa chakula cha hapo chuoni, ambacho uliniambia kwenye simu kwamba Jumatatu yake na Ijumaa yake ni mapacha. Sisi huku hatujambo. Mzee anakohoa asubuhi, lakini anakohoa kwa nguvu, na mtu anayekohoa kwa nguvu bado yupo. Mimi nina afya njema isipokuwa kidole gumba cha kushoto, nilichokigonga kwa nyundo jana mchana. Usinionee huruma kwa hilo mpaka umalize kusoma.

Najua unajiuliza fundi huyu amepata wapi ugonjwa wa kuandika barua, mtu ambaye hata ubao wa gereji uliuandika wewe. Simu ipo, na nimekupigia mara tatu tangu uondoke nikiwa na jambo moja mdomoni. Mara zote tatu tumeishia kuzungumza mvua, kikohozi cha Mzee na paka wa jirani aliyezaa ndani ya tairi. Ukisema tu shikamoo kaka kwa sauti yako ile, ulimi wangu unajikunja. Halafu una tabia ya kusamehe watu kabla hawajamaliza kueleza walichokosa. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Nitampa barua hii dereva wa lori la maziwa, nimwambie aitie mkononi mwako wewe mwenyewe, asimpe mtu mwingine hata akiwa mkuu wa chuo.

Kwanza habari za nyumbani. Siku tatu za mwanzo baada ya wewe kuondoka, Mzee alikataa dawa. Nilimbembeleza, nikazisaga, nikazificha kwenye ndizi, akazitema moja moja na kuzipanga kwenye ukingo wa sahani. Aliuliza yule binti yuko wapi. Nilipomwambia kwamba mimi ni mwanawe na ninaweza kumpa, aliniambia kwa adabu kabisa kwamba anaona mimi ni mtu mwema, ila yeye hali dawa kwa watu asiowajua. Ungekuwepo tungecheka wawili. Nilikuwa peke yangu, basi nikatoka nje nikasimama ukutani kidogo.

Siku ya nne nikaamua kumchukua gereji. Nilimketisha kwenye kiti chake cha zamani pale ukutani, akaanza kufungua vifungo vya shati kimoja kimoja kama anavyofanya akikosa kazi. Kumzuia nisingeweza, mikono yangu ilikuwa ndani ya injini. Nikavuta lile beseni la nati zilizochanganyika, ambalo mimi na wewe tumeliahirisha tangu enzi na enzi, nikamwekea mapajani na makopo matano miguuni. Mdogo wangu, alizipanga zote. Hakuzitazama hata. Anaiviringisha nati kwenye ncha za vidole, anaidondosha kwenye kopo lake, na hakosei. Mikono yake haijasahau kitu. Ilipofika saa ya dawa alinyoosha kiganja apewe nyingine, nikamwekea vidonge viwili, akavitia mdomoni na kumeza bila kuuliza ukubwa wake. Tangu siku hiyo hatujagombana tena. Nimejifunza pia kumfunga vifungo, na kumwosha bila maji kumwingia masikioni. Kumbuka haya, nitayarudia mbele.

Sasa nataka tuzungumze habari ya Kobe. Nitakusimulia tangu mwanzo ingawa ulikuwepo, kwa sababu ulikuwepo upande mmoja tu wa gari.

Siku ulipokuja mbio na barua ya kazi, ulinikuta chini ya lori la mchanga, ukainama ukanisomea ukiwa umepiga magoti kwenye oili na gauni lako jeupe. Kituo cha mifugo ng'ambo ya bonde kinataka mganga. Nyumba ipo, dawa zipo, friji ya chanjo ipo, wafugaji wapo na ng'ombe wao wanakufa kwa magonjwa ambayo wewe unayajua kwa majina. Gari ndilo halipo. Anayeitaka kazi hiyo aje na gari lake, tena gari la kuvuta kwa miguu yote minne, maana kuna mito miwili haina madaraja na kilima ambacho mvua ikinyesha hata mbuzi huahirisha safari. Mganga aliyekutangulia aliondoka miaka miwili iliyopita na hakuna aliyekwenda baada yake.

Wiki hiyo hiyo ukampata Kobe. Watoto wa mtaani ndio waliompa jina hilo, kwa sababu hana haraka na hajawahi kulala njiani. Amekuzidi wewe miaka kumi na moja, rangi yake ilikuwa kijani zamani, na mwenyewe alikuwa yule mzee Mpimaji wa mtaa wa tatu kutoka gerejini, aliyepima ardhi maisha yake yote hadi macho yakamchoka. Ulikuwa umeweka akiba yako tayari. Hukuniuliza kama uende au usiende. Ulisema tu kwamba gari likiwa zima utanunua na kwenda, likiwa bovu utabaki, na kwamba neno la mwisho ni langu kwa kuwa fundi ni mimi. Ulicheka uliposema hivyo. Mimi sikucheka, ila ulikuwa umeshageuka.

Jumapili ile Mpimaji alimleta Kobe mwenyewe. Alikuwa amemwosha mpaka anang'aa palipobaki pa kung'aa, na yeye amevaa tai, kama anayepeleka posa. Mzee tulimweka kwenye kiti chake. Wewe ukavua viatu, ukakunja mikono, ukachukua taa yetu ya waya mrefu na kuingia nami chini ya gari, kama ulivyokuwa ukifanya tangu una miaka sita. Mama alipofariki mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikujua mtoto wa kike anatunzwaje. Nilijua magari. Basi ukitoka shule nilikupa taa, nikakufundisha nilichofundishwa na Mzee. Kabla hujajua kuzidisha kwa saba ulikuwa tayari unajua kwamba chuma kizima ukikigonga kinalia, na chuma kilichooza kinanung'unika.

Tuliangalia injini, nzima. Tuliangalia giaboksi, ina ukorofi wake lakini inaishi. Difu zote mbili, springi, mabomba ya breki. Kila nilipokuta kitu kizima wewe ulifurahi, na taa ikawa inachezacheza mkononi mwako. Halafu tukafika kwenye chesisi, ule uti wa mgongo unaobeba gari zima, ambao ukioza hakuna fundi anayeweza kukuahidi utafika. Nikagonga nyuma ya gurudumu la kulia. Ikatoka sauti kama ya gunia la unga. Nikagonga tena. Gunia. Nikagonga mara ya tatu, nikakuuliza umesikia? Ukasema umesikia, kwa sauti ndogo, na taa ikatulia kabisa.

Hapo ndipo Mzee aliposema kutoka kwenye kiti chake, piga mbele. Akarudia kwa sauti kubwa, piga mbele. Ukaniuliza anasema nini. Nikakujibu kwamba anapayuka, anazungumza na watu wake wa zamani. Ulitoka chini ya gari ukaenda kumfunga kifungo cha shati na kumtuliza, naye akawa anakutazama wewe, kisha anatazama miguu yangu iliyotokeza chini ya Kobe.

Nilipotoka nilimwambia Mpimaji kwamba chesisi imeoza, na kwamba siwezi kumpandisha dada yangu kwenye gari hilo. Hakubisha. Alishika tai yake, akaiachia, akapanda gari lake akaliendesha kurudi nyumbani polepole kuliko mtu anayetembea.

Na wewe ukanishukuru. Tulipopita dukani ulinishika mkono, ukamwambia mama wa duka kwamba kama si kaka yako ungejinunulia jeneza lenye magurudumu. Akaniita mwanamume. Tulipofika nyumbani ukakaa mezani ukaandika barua ya kuikataa kazi, ukaitia kwenye droo chini ya vitambaa vya meza ili uipeleke Jumatatu utakayokuwa umerudi kutoka mafunzoni. Ukasema hata mafunzo yenyewe ya hapo chuoni unakwenda tu kwa kuwa walishaandika jina lako. Nisamehe, nimeisoma. Umeandika kwamba huwezi kuipokea nafasi hiyo kwa sababu zilizo nje ya uwezo wako.

Mtaa wetu unaujua. Neno la fundi likitoka gereji asubuhi, mchana linakula nyumba ya kumi. Watu wawili waliokuwa wanamtaka Kobe walisikia, wakaghairi bila hata kumwona. Akabaki Mkata Vyuma, anayemtaka kwa kilo, amkate kwa moto na kumuuza vipande. Walipatana aje kumchukua Ijumaa hii.

Jana asubuhi Mpimaji akaja gerejini. Alikuja kwa miguu, hana tai. Nilijua amekuja kwa ugomvi, na nikawa nimeshapanga majibu yangu, maana mwenye kosa huwa na majibu mengi. Hakugomba. Aliomba kiti, akakaa karibu na Mzee, akasema hakuja kwa habari ya kuuza. Alitaka kujua tangu lini.

Sikumwelewa. Akanieleza. Kwa miaka yote hiyo, mtaani kwake mtu akishikwa na uchungu wa kuzaa, au mtoto akiumwa na nyoka, mlango unaogongwa ni wake. Amewabeba wote ndani ya Kobe. Mwaka ule mto ulipofurika aliwatoa shuleni watoto kumi na mmoja kwa mkupuo mmoja, wengine wamekaa kwenye paa. Alisema tangu Jumapili ile anawakumbuka mmoja mmoja, na anaogopa kana kwamba bado wamo garini na gari bado linakwenda. Aliniomba nimwonyeshe mahali palipooza apashike kwa mkono wake, nimwambie kutu ile ni ya miaka mingapi, ili ajue ni nani aliowabeba kwenye chuma kizima na ni nani aliowahatarisha bila wao kujua.

Hapo nilitamani ardhi ipasuke nizame. Nilimwambia twende.

Mzee nisingemwacha, kwa hiyo nilimchukua na kopo lake la nati. Tulimkuta Kobe bandani, amelazwa juu ya maboksi yaliyofunuliwa ili asidondoshe oili sakafuni. Mpimaji alitaka kunishikia taa. Ana moyo, ila hajui kuishika. Dakika zote alinimulika machoni. Nikachukua waya mgumu nikazibua vile vitundu vya chini ya chesisi vya kutolea maji, kisha nikaingiza mpira wa maji kwa juu. Mwanzo hakikutoka kitu. Halafu likaanza kutoka tope, la kijivu, gumu, limeshikana na mizizi ya majani, tope la kila mto ambao gari hili limewahi kuuvuka. Nilijaza ndoo moja na nusu. Nikaacha maji yaende mpaka yakatoka meupe. Nikagonga palepale nilipogonga Jumapili.

Ikalia. Ililia kama kengele ya shule, mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Nikagonga mbele, nyuma, kulia, kushoto, chesisi nzima ikalia. Mzee, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, aliinua uso akasema nzima hiyo, akarudi kwenye nati zake.

Mpimaji alikaa chini palepale kwenye maji. Alikaa muda, midomo inacheza, nadhani alikuwa anawahesabu tena watu wake na safari hii anawashusha salama. Kisha akanipa mkono. Alisema kukosea ni ubinadamu, na kwamba fundi yeyote angedanganywa na tope lile. Nami, mdogo wangu, niliupokea mkono ule na nikasema ahsante. Nilirudi gerejini, nikashika kazi ndogo kabisa, kunyoosha kipande cha bati, na nikajigonga kidole. Ni mara ya kwanza tangu nilipokuwa mwanafunzi.

Sasa nifike nilikokuwa nikikuzungusha. Tope halikunidanganya. Nilijua lipo.

Nilijua kabla hatujalala chini ya gari. Nilipokuwa nikimwelekeza Mpimaji arudi nyuma niliinama, nikaona vitundu vimeziba, na hata mwanafunzi wa mwezi mmoja anajua kwamba unazibua kwanza ndipo unagonga. Tope likijaa ndani, chuma kizima hunung'unika kama kilichooza. Wewe hilo sikuwahi kukufundisha, kwa sababu hukuwahi kulihitaji. Magari yote uliyonishikia taa niliyazibua kabla hujatoka shule. Nilipachagua mahali pale. Nilipagonga mara tatu palepale, na mbele, ambako tope halikufika, sikugusa. Sikio lako halikukosea. Lilisikia sawasawa kama lilivyofundishwa. Nililifundisha mimi, na siku ulipolihitaji kuliko siku zote nikalitumia kukufunga.

Na Mzee alijua. Hakuwa anapayuka. Alimsikia fundi anagonga mahali pamoja mara tatu na kukwepa pengine, na hilo alinikataza kwa kofi nilipokuwa na miaka kumi na minne. Mtu aliyesahau jina langu hakulisahau hilo. Alikwambia ukweli mbele ya macho yako, piga mbele, na mimi nikatumia ugonjwa wake kuufunika. Kati ya yote niliyoyafanya Jumapili ile, hili ndilo linalonichoma zaidi.

Utauliza kwa nini. Mimi mwenyewe nilijipa jibu zuri. Nilijiambia ni ile mito, kile kilima, na mwanamke peke yake barabarani na friji ya chanjo. Nilikaa na jibu hilo wiki mbili kama mtu aliyekaa kwenye kiti chenye mguu mmoja mfupi. Lakini wewe umevuka mito ukiwa na gari baya kuliko Kobe, na aliyekufundisha kuendesha ni mimi. Ukweli ni kwamba niliogopa kubaki na Mzee. Niliogopa asubuhi atakayoniita mgeni na hakuna wa kucheka naye. Niliogopa kufika nyumbani na kufungua mlango mwenyewe. Nina miaka arobaini, nimeoa spana kama unavyosema, na tangu nina miaka kumi na tisa sijawahi kulala chini ya gari bila kujua kwamba kuna mtu wangu ameshika taa. Nilitaka ubaki ili nisibaki mimi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nawe ulikuwa unahofia mito wakati mimi nimo nguoni.

Leo alfajiri, kabla ya kushika kalamu, nilikwenda kwa Mpimaji nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Alisikiliza mpaka mwisho. Safari hii hakunipa mkono. Alisema kwa kumnyima mnunuzi angenisamehe palepale, mnunuzi ni mtu wa kupita, lakini nimemnyang'anya siku kumi na sita za amani, na katika umri wake siku hizo harudishiwi na mtu. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia mlangoni kwake. Hata hivyo amemwambia Mkata Vyuma asije. Atamweka Kobe mpaka Jumamosi jioni, na alisisitiza kwamba anafanya hivyo kwa ajili yako.

Nilipita pia dukani nikamweleza mama wa duka, maana kwake ndiko nilikoitwa mwanamume. Nadhani mpaka sasa ameshalisimulia vizuri kuliko nilivyomsimulia. Mwenye lori la mchanga amekuja saa moja iliyopita kulichukua lori lake, ingawa breki nilikuwa sijamaliza kuzifunga. Nilimwomba aningoje tu nizifunge, asije akapata ajali kwa hasira. Alingoja amesimama juu yangu, akihesabu kila nati.

Kobe ana maradhi yake na nitakwambia yote. Gia ya tatu hujichomoa, utaishikilia kwa goti. Mlango wa dereva hufunguka wenyewe ukikata kona kali ya kulia, kwa hiyo mkanda si wa hiari. Paa linavuja juu ya abiria, mchukue usiyempenda. Breki ya mkono ni pambo, tembea na jiwe. Mafuta anakunywa kama mtu asiyelipa mwenyewe. Injini yake na chesisi yake zitakufikisha ng'ambo ya bonde na kukurudisha, na zitafanya hivyo miaka mingi. Hivyo ndivyo ninavyoona mimi, lakini neno langu juu ya gari hili usilichukue tena. Nimelipoteza mwenyewe.

Ile barua yako ya kukataa kazi sikuichana. Nilishaitoa kwenye droo mara mbili na mara mbili nimeirudisha, kwa sababu kuichana kungekuwa kukuamulia tena. Ukitaka kubaki, baki kwa sababu zako. Za kwangu zifute, na ya Mzee usiihesabu kabisa, ndiyo maana nilikueleza habari za nati na vifungo. Tutaishi. Ananiita yule fundi sasa, ni hatua. Jana tulipokuwa tukimuaga Mpimaji, alimnong'oneza kwa sauti ya mtaa mzima kwamba fundi huyu ni mzuri ila anahitaji kuangaliwa.

Jumamosi ukishuka kwenye basi usije nyumbani kwanza. Pitia kwa Mpimaji. Utatukuta mimi na Mzee tumekaa kwenye ngazi ya mlango. Nyundo ndogo ya Mzee, ile yenye mpini uliofungwa utepe, nitakuwa nayo, nitakupa. Ingia chini mwenyewe, zibua kwanza, halafu ugonge popote unapotaka, mara unazotaka, na sitasema neno hata moja. Taa nitashika mimi.

Mama wa duka anakusalimu sana, mimi hanisalimu. Jirani anauliza kama utamtaka paka mmoja. Mzee hakulitaja jina lako, lakini kuna kopo moja la nati ndogo hataki liguswe, anasema ni la yule binti wa taa. Ule vizuri, na ukinikasirikia kasirika mpaka umalize, usiharakishe kama kawaida yako. Nimebadilisha balbu ya ile taa ya waya. Ya zamani ilikuwa inafifia, na safari hii nataka uone kila kitu.

Ni mimi kaka yako,
Fundi